Okestra Yenye Wenyewe: Mwongozo Kamili wa Kuipatia Okestra ya Simfoni Watu wa Kuibeba Dar es Salaam

Vikundi vinavyojaribu kuanzisha okestra ya simfoni, yaani kundi kubwa la wapigaji wa ala za nyuzi na za kupuliza, katika jiji hili huanguka mahali pale pale. Ala hupatikana, za msaada au za mtumba. Wapigaji hupatikana. Tamasha la kwanza hufanyika kwenye ukumbi wa hoteli, wageni waalikwa wamekaa mbele, picha zinapigwa. Baadaye mfadhili anahamishwa kituo cha kazi, nauli za wapigaji zinakatika, na fidla zinafungiwa kwenye stoo ya mtu.

Muziki wenyewe huwa hauna tatizo. Kinachokosekana ni wenyewe. Hakuna mtaa hata mmoja unaouliza, "Mbona hatuwasikii siku hizi?" Mwongozo huu ni wa kuwapata watu watakaouliza swali hilo, halafu wakachanga ili jibu lipatikane. Tenga mwaka mzima, na fuata mpangilio wa hatua kama ulivyo. Wengi wanaokwama walianza na hatua ya tano.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Wapigaji 12 hadi 25. Okestra kamili ya simfoni huwa na watu 80 hadi 100, lakini huhitaji idadi hiyo kuanza. Fidla sita, viola mbili (fidla kubwa kidogo), selo mbili (za kupigwa umekaa), besi moja (ile kubwa ya kusimama), filimbi, klarineti na tarumbeta mbili zinatosha kusikika.
- Mweka hazina asiyepiga ala. Mpigaji anayeshika fedha atashukiwa siku ambayo wenzake hawakulipwa nauli, hata kama hana kosa.
- Katiba fupi, muhtasari wa kikao cha kwanza na orodha ya wanachama. Bila hivi hutafungua akaunti wala hutasajiliwa.
- Usajili wa BASATA. Baraza la Sanaa la Taifa ndilo linalosajili vikundi vya sanaa na kutoa vibali vya maonyesho. Mkilenga kuomba ruzuku za mashirika, fikirieni pia kujisajili kwa Msajili wa NGO, lakini hilo linaweza kusubiri.
- Akaunti ya benki yenye waweka saini watatu, na namba ya malipo ya simu yenye jina la kikundi.
- Chumba kikavu chenye kufuli cha kutunzia ala, kisicho chini ya bati tupu.
- Fungu la nauli la miezi mitatu. Hili litangulie vyote. Mpigaji anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto haachi kuja kwa sababu hapendi muziki. Anaacha kwa sababu ya nauli ya kwenda na kurudi.

Suti nyeusi, jukwaa la kukodi na kiongozi wa okestra kutoka nje, kwa sasa wekeni kando.

## Hatua ya 1: Chagueni mtaa mmoja

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa huu na watu zaidi ya milioni 5.3. Huwezi kuwa okestra ya watu wote hao kwa mkupuo. Chagueni mtaa mmoja, au kata moja, ambako wapigaji wenu wengi wanaishi au wanafika kwa gari moja.

Angalieni usafiri kabla ya kuangalia ukumbi. Fidla inaingia kwenye daladala, hata ya saa kumi na mbili jioni, ukiikumbatia kifuani. Selo ni shida. Besi haiingii kabisa. Hiyo inalala pale pale mnapofanyia mazoezi, au inabebwa na bajaji ya mtu mnayemwamini. Mtaa ulio karibu na kituo cha mwendokasi una faida kubwa.

Mkishachagua, nendeni kwa utaratibu. Anzeni kwa mjumbe, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mtendaji, na mwishowe afisa utamaduni wa halmashauri. Pelekeni barua, na nendeni watu wawili au watatu, mmoja wao awe mkazi wa mtaa huo. Msiombe fedha. Ombeni kutambuliwa, na ombeni sehemu ya kufanyia mazoezi mara moja kwa wiki, kwa kawaida darasa la shule ya msingi baada ya masomo.

Tahadhari. Msimfanye kiongozi wa chama chochote kuwa mlezi wa okestra, wala msipige mkiwa na fulana au kofia za chama. Uchaguzi wa serikali za mitaa huja kila baada ya miaka mitano, na nusu ya mtaa itawakwepa kama mlionekana upande wa waliowashinda. Mwalikeni mwenyekiti kama mwenyekiti wa wote, na mpinzani wake apate kiti kinacholingana.

Mtajua mmefanikiwa mjumbe atakapoanza kuwatambulisha kwa watu bila kuombwa: "Hawa ni watu wetu wa muziki."

## Hatua ya 2: Tafuteni wanamuziki ambao mtaa tayari unao

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko penginepo, kwa sababu kila mwanamuziki anakuja na watu wake.

Dar es Salaam haina uhaba wa wanamuziki wa ala. Kuna bendi za matarumbeta za sharika zinazopiga kwenye harusi na misiba. Kuna wastaafu wa bendi za Polisi, Magereza na JWTZ, watu waliosoma nota kazini kwa miaka mingi na sasa wamekaa nyumbani. Kuna wapiga saksafoni na tarumbeta wa muziki wa dansi. Kuna wapiga fidla wa taarab, urithi unaokwenda nyuma hadi Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, na hapa mjini ukapita kwenye vilabu kama Al-Watan na Egyptian. Na kuna kwaya, karibu kila mtaa wenye kanisa.

Wafuateni kwa heshima ya ufundi wao. Mpiga fidla wa taarab anaweka vidole kwenye sauti ambazo piano haina, kwa sababu maqamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti za muziki huo, zinazitaka. Kijana aliyesoma kwa kitabu akimwambia "unapiga nje", mmempoteza yeye na ukoo wake mzima. Mwambieni ukweli: kipande hiki tunakipanga kwa sauti za piano ili ala zote zikutane, na kipande kile cha taarab wewe ndiye utakayetufundisha sisi.

### Kuwaunganisha wa solfa na wa nota

Wanakwaya wengi wanasoma solfa (do, re, mi) vizuri sana, lakini nota za mistari mitano hawazijui. Msiwaanzishe upya kama watoto. Kwa miezi mitatu ya kwanza andikeni herufi za solfa chini ya nota kwenye kila karatasi. Macho yatazoea mistari yenyewe.

Solfa ina faida nyingine ambayo wengi hawaioni. Klarineti na tarumbeta za kawaida ni ala za Bb, yaani B iliyoshushwa nusu hatua: mpigaji akisoma C, masikioni inatoka Bb. Kwa hiyo kipande kilicho kwenye C kwa fidla, wao huandikiwa D. Wageni huchanganyikiwa hapa na mazoezi husimama. Lakini "do" ya wimbo ni "do" kwa kila mtu, hata kama jina la nota kwenye karatasi ni tofauti. Mwalimu akiita "tuanzie kwenye *so*", wote wanafika pamoja.

Chagueni pia ufunguo, yaani nota itakayokuwa "do" ya wimbo, ambao hauumizi upande wowote. Fidla hupenda D, G na A kwa sababu ya nyuzi zake. Ala za shaba hupenda Bb, Eb na F. Kwa wanaoanza, C, G au F ndiyo mapatano mazuri. Na kabla ya yote, pateni mashine au programu ya simu ya kupimia sauti, A iwe mitetemo 440 kwa sekunde, maana tarumbeta kuukuu inaweza kuwa juu kidogo na mpigaji hajui mpaka akae karibu na fidla.

### Mwalimu wa kwaya

Mtu wa kumwendea mapema kuliko wote ni mwalimu wa kwaya. Hofu yake ni kwamba mnakuja kumnyang'anya waimbaji, na hofu hiyo ina msingi. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: ratiba ya kwaya inatangulia, hamfanyi mazoezi siku zake, hamchukui mtu wiki za kuelekea Pasaka na Krismasi, na kila mwaka okestra itapiga bure kwenye tukio moja la kwaya yake. Sainini wote wawili. Mkitimiza la mwisho hilo, sharika na parokia za jirani zitakuja zenyewe kuwaomba.

Mtajua mmefanikiwa mkiwa na wapigaji kutoka angalau sehemu tatu tofauti, mathalani kanisani, kwenye taarab na bendi ya zamani, na hakuna kundi linalowaita wengine "wageni".

## Hatua ya 3: Fanyeni mazoezi mlango ukiwa wazi

Mtu hawezi kukipenda kitu anachokisikia kwa mbali nyuma ya ukuta. Mazoezi ya kila wiki yawe wazi, na mara moja kwa mwezi yatoke nje kabisa: uwanja wa shule, kivuli cha mwembe, uani kwa mtu mwenye nafasi.

Panga muda baada ya swala ya alasiri, kama saa kumi na nusu, na mmalize kabla ya magharibi. Adhana ikianza, ala zinashuka. Mtaa mzima utaona. Mwezi wa Ramadhani punguzeni mazoezi au yahamishieni asubuhi ya Jumamosi. Jioni ile watu wana futari ya kupika. Kama mko jirani na msikiti au kanisa, mwendeeni imamu au mchungaji mapema na mkubaliane saa.

Kila dakika kumi na tano, simamisheni muziki na onyesheni ala moja. Mtoto mmoja aje ashike upinde. Mama mmoja aguse mwili wa besi huku inapigwa, ahisi inavyotetemeka. Nimeona watu wazima wakibadilika uso kwa jambo hilo peke yake.

Tahadhari za nje. Sauti ya nyuzi hupotea uwanjani. Kaeni mgongo ukiwa kwenye ukuta ili iwarudie wasikilizaji. Upepo wa bahari hupeperusha karatasi, kwa hiyo beba vibanio vya nguo. Jua ndilo adui mkubwa: fidla imeunganishwa kwa gundi inayolainika kwa joto, na alasiri moja juani, au ndani ya gari lililofungwa, inatosha kuifungua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, baki ndani.

Umeme ukikatika, endeleeni. Okestra haihitaji waya wowote, na hili ni jambo la kuliambia jiji letu kwa sauti kubwa.

Mtajua mmefanikiwa watu watakapoanza kuja na viti vyao.

## Hatua ya 4: Tamasha la kwanza liwe mtaani, liwe fupi

Dakika arobaini na tano zinatosha. Anzeni na wimbo ambao bibi wa mtaa anaujua maneno, uliopangwa upya kwa ala zenu, halafu peleka masikio mbali kidogo kidogo. Kwa wimbo wenye mwenyewe, ombeni ruhusa yake, na ulizeni utaratibu Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Watunzi wetu wamenyonywa vya kutosha, na okestra iliyo mali ya jamii haiwezi kuanza kwa kumwibia mwanajamii.

Vipande vya Ulaya vichukuliwe kwa sehemu. Sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tano ya Beethoven ni kama dakika saba au nane, na inashika watu kuanzia nota nne za mwanzo. Simfoni yake ya Tisa inazidi saa nzima na inataka kwaya kubwa. Msiichezee sasa.

Lakini msidhani haiwezekani. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeanzisha kanisa la Wakimbangu, ikiwa na wapigaji wengi waliojifunza ala wakiwa watu wazima, na imeipiga hiyo ya Tisa. Cha kuangalia kwao ni mahali walipoanzia: ndani ya kanisa lenye waumini waliokuwa tayari wanakutana, wanaimba na kuchangiana. Watu walikuwapo kabla ya fidla.

Sasa, makofi. Msimkataze mtu kupiga makofi katikati ya sehemu mbili za kipande. Vigelegele vikija, vipokeeni. Atakayenyamazishwa leo hatarudi kesho.

Halafu kuna kutunza. Hapa kwetu mtu akiguswa na muziki huinuka, akaenda mbele, akamtunza mpigaji noti. Hii ni heshima kubwa, na pia ni chanzo cha ugomvi, kwa sababu fidla ya mbele itatunzwa na besi ya nyuma haitaonekana. Amueni kabla: weka kapu moja zuri mbele, msemaji alitambulishe mwanzoni, na kila senti iingie kwenye fungu la nauli la wote.

Mtajua mmefanikiwa mkiulizwa, "Mwingine lini?" Muwe na tarehe tayari mfukoni.

## Hatua ya 5: Undeni kamati kama ya harusi

Wengi huniambia watu wa Dar hawachangii sanaa. Nawaomba waangalie harusi. Familia za kipato cha kawaida hukusanya mamilioni kwa miezi michache kupitia kamati, vikao, kadi za mchango na ahadi zinazosomwa mbele ya watu. Ujuzi huo uko kila mtaa. Utumieni.

Tafuteni mwenyekiti wa kamati aliyewahi kuongoza kamati za harusi zilizofanikiwa. Mara nyingi ni mama mwenye sauti, anayejua nani ana nini na nani amwendee. Kupenda Mozart si sharti. Mpe kazi na mumwache afanye.

Mchango uwe mdogo na wa kila mwezi. Watu 200 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja, hiyo ni 400,000 kwa mwezi, na inakuja hata kama hakuna tamasha. Pia ni watu 200 wanaoona okestra ni yao. Shilingi 400,000 kutoka kwa mtu mmoja hainunui hilo.

Ombeni kwa kitu kinachoonekana. Badala ya "changia okestra", semeni "seti moja ya nyuzi za selo", "nauli ya wapigaji watano mwezi huu", "viti kumi". Anayetoa nyuzi azione zikifungwa.

Kila mwezi mweka hazina atoe taarifa ya nusu ukurasa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Iende kwenye kundi la WhatsApp na ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwezi ambao hakuna kilichoingia, taarifa itoke vilevile.

Tahadhari tatu. Kwanza, mchango usiingie kwenye simu ya mtu binafsi hata siku moja, hata kwa dharura. Pili, chanzo kimoja kisizidi theluthi ya bajeti. Mfadhili akitaka kutoa zaidi, mwombeni anunue ala badala ya kulipa uendeshaji, kwa sababu ala zinabaki akiondoka. Tatu, mkopo si mchango. Okestra isiyo na mapato ya uhakika isikope.

Mtajua mmefanikiwa mtu akilalamika kwenye kikao kwamba fedha imetumika vibaya. Amekwisha kuona ni mali yake. Mjibuni kwa risiti.

## Hatua ya 6: Watoto wa mtaa

Mzazi ambaye mtoto wake anabeba fidla ya okestra hatauliza simfoni ina faida gani. Nairobi, mradi wa Ghetto Classics unaofundisha watoto ala katika mtaa wa mabanda wa Korogocho umeonyesha hili kwa miaka mingi.

Anzeni na watoto wasiozidi kumi. Fidla za watoto zina vipimo, robo, nusu na robo tatu, na mtoto akipewa kubwa kuliko mkono wake ataumia na kuacha. Mzazi asaini karatasi ya kukabidhiwa ala, ikieleza hali yake siku hiyo. Mtoto afundishwe mambo mawili siku ya kwanza kabla ya nota yoyote: kulegeza upinde baada ya kupiga, na kufuta kwenye mbao vumbi la rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde.

Kwa matengenezo, mwandaeni fundi seremala mmoja mwenye mkono mwepesi, mfundisheni, na mmwonye juu ya jambo moja: asitumie gundi ya kawaida ya mbao wala ile inayoshika papo hapo. Fidla hugundishwa kwa gundi ya wanyama ili iweze kufunguliwa tena. Ikigandishwa kwa nyingine, siku ya matengenezo itapasuka ubao.

Masomo yafanyike mlango wazi, watu wazima wawili wakiwepo. Hapa hakuna mjadala.

## Hatua ya 7: Sasa nendeni mjini

Mkishafika hapa, ukumbi wa Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Nafasi Art Space pale Mikocheni, au Ukumbi wa Nkrumah Chuo Kikuu ni mahali pa kuomba. Tofauti ni kwamba mtakwenda na watu wenu. Kodini mabasi mawili kutoka mtaani, na viti vya mbele vikae wachangiaji wa shilingi 2,000 kabla ya mgeni rasmi.

## Mkikwama

Wapigaji wanapungua. Kagueni nauli kwanza, kisha saa ya mazoezi. Sababu nyingine zote ni nadra.

Michango inapungua. Mara nyingi taarifa ya mwezi haikutoka. Toeni ya miezi yote iliyorukwa kwa siku moja, bila kujitetea.

Kundi moja limetawala. Badilisheni anayechagua nyimbo: kila tamasha, kundi tofauti lichague vipande viwili.

Mtaa umewakataa. Kuna mahali haitawezekana, kwa sababu za imani au za majeraha ya kikundi kilichopita. Shukuruni, rudisheni funguo za darasa, na anzeni tena na Hatua ya 1 kata ya jirani. Katiba, ala na wapigaji mnavyo tayari.